Nani Atasimama Nami Kliniki?

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la manesi Wakenya wa hapa Massachusetts asubuhi, saa ambayo wengi wetu tunatoka shifti ya usiku. Nilikuwa kwenye gari nje ya nasingihomu, makao ya wazee, hita imewashwa, nasubiri barafu iyeyuke kwenye kioo.

"Wapendwa, kuna yeyote anayemfahamu NP au daktari anayeweza kunichukua kliniki ya watoto? Shule imenipa hadi mwisho wa mwezi. Nitalipa."

NP ni nesi aliyesoma zaidi, anayeruhusiwa kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Wawili walijibu kwa mikono ya maombi. Mmoja akasema atauliza kazini kwake. Kisha mtu akaweka mchango wa kusafirisha mwili wa marehemu nyumbani, majina ya wachangiaji yakaanza kumiminika, na ombi la yule dada likapanda juu likapotea.

Neno lililonikwama ni lile la mwisho. Nitalipa.

Dada huyu namfahamu. Amemaliza masomo yote ya darasani ya shahada ya uzamili, yale ya kusoma usiku watoto wakishalala. Karo hajawahi kuchelewesha. Sasa anatakiwa ajitafutie mwenyewe mtu wa kumfundisha kazi, na akimpata amlipe kutoka mfukoni. Karo aliyokwisha kulipa ilikuwa ya nini?

Swali hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa, kwa sababu na mimi natafuta shule ya kusomea FNP, yaani NP wa familia.

## Kwa nini familia

Kila ninayemwambia mpango wangu ananiuliza kwa nini nisichukue afya ya akili. Ndiko wengi wetu wanakoelekea siku hizi. Wagonjwa ni wengi, kazi nyingi zinafanyika kwa video ukiwa nyumbani, na mshahara ni mzuri. Sina neno baya kwa waliochagua njia hiyo. Wanahitajika mno, na baadhi yao wameokoa watu wa jamii yetu ambao wasingethubutu kumweleza mgeni mambo yao.

Lakini mimi nilianzia zahanati, Kitui.

Anayejua zahanati za kwetu hahitaji maelezo marefu. Foleni inaanza kabla mlango haujafunguliwa. Daktari hayupo, na siku nyingi hata klinikal ofisa hayupo. Yuko nesi. Nesi huyo ndiye anayempima mtoto mwenye homa, anayemchoma sindano ya kupanga uzazi mama wa yule mtoto, na anayempima presha nyanya aliyewasindikiza. Vizazi vitatu kwenye benchi moja, na wote ni wako. Nilikuwa msichana mdogo aliyetoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba Kenya, juzi tu, na kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye.

Nilipokuja Marekani nikaambiwa nesi hafanyi utambuzi wa ugonjwa. Nesi anaona, anaandika, anampigia daktari simu. Nilizoea, lakini sikuacha kuitamani ile benchi.

Kwa hiyo niliposoma kwamba kazi ya NP ilianzishwa Colorado mwaka 1965 na nesi wa afya ya jamii, Loretta Ford, pamoja na daktari wa watoto, Henry Silver, nilielewa mara moja walichokuwa wanakitafuta. Ford alikuwa amefanya kazi vijijini, ambako watoto walikuwepo na madaktari hawakuwepo. Mtu wa Kitui hahitaji kuelezwa hayo mara mbili.

FNP ndiye anayeruhusiwa kuwaona wote, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee. Ndiyo sababu nimekataa ushauri mzuri wa watu wanaonipenda.

## Orodha ya kwanza

Orodha yangu ya kwanza niliipanga kwa karo. Nadhani kila mhamiaji huanza hapo. Nina mdogo wangu chuoni Machakos na mama anayehitaji dawa kila mwezi, kwa hiyo dola yangu ina safari ndefu kabla haijafika kwangu.

Massachusetts ina shule nyingi za fani hii. Kuna za umma kama UMass Lowell na UMass Boston, kuna za binafsi kama Simmons, Boston College, Northeastern na Regis, na ukivuka mpaka kidogo kuingia New Hampshire unaikuta Rivier pale Nashua. Juu ya hizo kuna vyuo vya mtandaoni ambavyo matangazo yake yanakufuata kila unapofungua simu.

Pesa imekuwa ngumu zaidi kwa anayeanza sasa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaondoa mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mkopo ule ndio uliokuwa unajaza pengo lote lililobaki. Sasa mwanafunzi wa uzamili anakopeshwa na serikali dola 20,500 kwa mwaka, na jumla yake isizidi 100,000. Fani zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma, kama udaktari na sheria, zina kiwango cha juu zaidi, dola 50,000 kwa mwaka. Wizara ya Elimu ilipoandaa orodha ya fani hizo mwishoni mwa 2025, mapendekezo yake yaliuacha uuguzi nje.

Niliposoma hivyo nilikasirika, na bado nina hasira. Wakati wa korona tuliimbiwa nyimbo na kupigiwa makofi madirishani.

Lakini hasira hailipi karo. Nilikata shule zote ambazo gharama yake kwa mwaka ingenipeleka kwenye mkopo wa benki binafsi. Mkopo wa benki hauna huruma ukipoteza kazi, na huwezi kuufuta kwa kufanya kazi ya umma. Ule wa serikali walau una milango. Na mpango wa serikali uitwao Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa anayekubali kufanya kazi miaka miwili mahali penye uhaba mkubwa, mradi awe raia au mwenye kadi ya kijani.

Ithibati sikuijadili na mtu. Kama programu haina ithibati ya CCNE wala ACEN, mashirika yanayokagua shule za uuguzi, nafunga ukurasa. Sote tunakumbuka Januari 2023, serikali ya shirikisho ilipofichua kwamba shule za uuguzi kule Florida zilikuwa zimeuza diploma feki zaidi ya 7,600. Zile zilikuwa za ngazi ya chini kuliko hii ninayoitafuta, lakini baada ya pale manesi wahamiaji wengi waliosoma kwa jasho lao walianza kutazamwa kwa jicho la shaka. Siwezi kujipa hata chembe ya shaka kwenye cheti changu.

Nikabaki na shule chache zenye ithibati ninazozimudu. Nikadhani kazi imekwisha.

Ndipo ukaja ule ujumbe wa asubuhi.

## Simu

Nilianza kupiga simu upya. Sikuuliza tena karo wala tarehe ya mwisho ya maombi. Niliuliza jambo moja: mkufunzi wangu wa kliniki atatafutwa na nani?

Ukiuliza swali hili utashangaa jinsi sauti zinavyobadilika.

Afisa wa udahili wa chuo kimoja cha mtandaoni, ambaye alikuwa ananiita kwa jina langu la kwanza kama rafiki wa siku nyingi, alinyamaza kidogo. Akasema wanafunzi wao "wanahimizwa kutumia watu wanaofahamiana nao kikazi." Nikamuuliza, na nisipompata? Akasema wana timu ya kunisaidia. Timu hiyo inafanya nini? Inanipa orodha ya namba za simu. Na muhula ukianza kabla sijampata mtu? Ningelazimika kusubiri muhula mwingine. Na karo? Akasema atanitumia kijitabu cha sera.

Kijitabu alikituma kweli. Nilikisoma chote wakati wa mapumziko ya saa nane usiku. Jukumu la kutafuta kliniki lilikuwa la mwanafunzi, limeandikwa wazi kabisa, mbali sana na ukurasa wa mbele wenye picha za watu wanaotabasamu.

Fikiria maana yake kwa mtu kama mimi. Mmarekani aliyekulia mji huu ana daktari aliyemtibu tangu utotoni, ana mjomba, ana jirani wa wazazi wake. Mimi watu ninaofahamiana nao ni manesi wa usiku, wasaidizi wa wagonjwa na mchungaji wangu. Sera inayosema "jitafutie" inaonekana ya haki kwa sababu inamwambia kila mtu neno lilelile, na bado anayeumia ni yule yule kila mara.

Pengo hilo limezaa biashara. Kuna kampuni zinazokutafutia mkufunzi na kukutoza maelfu ya dola kwa kipindi kimoja cha kliniki. Baadhi ya wakufunzi wenyewe wanadai malipo. "Nitalipa" ya yule dada haikuwa ukarimu. Alikuwa anataja bei ya soko.

Na saa za kliniki si chache. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa saa 500 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vilipandisha hadi 750. Mimi naunga mkono. Tena ningependa ziwe zaidi. Lakini huwezi kupandisha saa halafu umwachie mwanafunzi kazi ya kuzitafuta mlango kwa mlango.

Sitaki mtu aelewe kwamba ubaya ni kusoma kwa mbali. Chuo cha Frontier kule Kentucky kinafundisha FNP kwa masafa, na mizizi yake ni kazi ya Mary Breckinridge, ambaye mwaka 1925 alianza kuwatuma manesi wakunga wakiwa juu ya farasi, milimani, nyumba kwa nyumba. Kumwacha mwanafunzi abaki kwenye jamii yake ni wazo zuri. Kumwacha peke yake ni jambo jingine.

## Sikio la mtoto

Kilichonigeuza kabisa ni mazungumzo jikoni kwa mama mmoja wa Kisii tunayemwita Anti. Yeye ni FNP wa siku nyingi, kwenye kliniki ya jamii. Nilikwenda na karatasi zangu, shule zimepangwa kwa safu, karo, muda, kiwango cha kufaulu mtihani wa cheti. Alizisukuma kando akaweka chai.

"Mdogo wangu, mtihani utaupita," alisema. "Una kichwa. Mimi naogopa siku ya kwanza baada ya mtihani."

Akanisimulia kuhusu mkufunzi wake wa watoto. Mwanamke yule alimpa otoskopu siku ya kwanza, akamwambia amtazame mtoto sikio kabla yake. Anti alikuwa amesoma kwamba kwa mtoto mdogo sikio unalivuta chini na nyuma, na kwa mtu mzima juu na nyuma. Ukisoma ni mstari mmoja. Mtoto alipoanza kurusha kichwa, mstari ule ukatoweka akilini. Mkufunzi akamshika mkono, akamgeuzia otoskopu aishike kama kalamu, kidole kidogo kikae shavuni mwa mtoto. Kichwa kikisogea, mkono unasogea nacho, na ncha haichomi.

Kisha akamuuliza: umeona nini?

"Nikamwambia kiwambo cha sikio ni chekundu, ni maambukizi, tumpe dawa. Akatazama. Akasema, ni chekundu kwa sababu analia. Rudi tena. Kimevimba kuja kwako, au kimetulia mahali pake? Nikarudi. Kilikuwa kimetulia."

Mtoto yule alirudi nyumbani bila antibayotiki ambayo hakuihitaji.

Anti alisema mkufunzi yule alifanya hivyo kwa kila mtoto kwa miezi yote aliyokuwa naye. Kila sikio, Anti kwanza, yeye baadaye, kisha swali. Hakumwambia jibu kabla hajasema mwenyewe anachokiona. Na aliyempeleka kwa mwanamke yule ni shule, kwa sababu mratibu wa kliniki alikuwa anamfahamu na alikuwa amewahi kwenda kuketi kwenye kliniki ile kuona jinsi anavyofundisha.

"Wenzangu wengine walipata mtu wa kuwasainia saa," alisema. "Wakasimama kona na daftari. Saa ni zile zile kwenye karatasi."

Nilirudi nyumbani na zile karatasi zangu na kuongeza safu moja: nani ananitafutia mkufunzi.

## Texas

Nikiwa katikati ya haya binamu yangu wa Dallas alianza kunipigia. Njoo Texas, nyumba ni nafuu, hakuna theluji, Wakenya ni wengi kuliko huko kwenu, usomee huku. Kwa siku kadhaa nilishawishika, na sioni aibu kulisema, kwa sababu kodi ya nyumba hapa Lowell imepanda mno.

Kilichonizuia ni sheria ya kazi. Massachusetts ilibadilisha yake Januari 2021: NP akishafanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka miwili, anaweza kuandika dawa bila mkataba na daktari. New Hampshire jirani walitangulia siku nyingi. Texas bado inamtaka NP awe na makubaliano ya maandishi na daktari ndipo aandike dawa, na daktari huyo mara nyingi hulipwa kwa kuweka saini.

Mwanafunzi anaweza kudhani hayo ni mambo ya baadaye. Mimi naona yanaanza shuleni. Unafanyia kliniki katika jimbo ambako una leseni, na watu watakaokuajiri mara nyingi ni wale waliokuona ukijifunza. Nikisomea mahali, kuna uwezekano mkubwa nitabaki pale. Na ndoto yangu, nikiwa na afya, ni kufungua kliniki ndogo hapa Lowell ambapo mama anaweza kueleza maumivu yake kwa Kiswahili, mtoto wake akaonekana siku hiyo hiyo, na nyanya aliyekuja kutembea kutoka nyumbani akapimwa sukari. Ndoto hiyo Massachusetts inaruhusu bila mimi kutafuta daktari wa kukodi saini yake.

Nilimwambia binamu nitakuja Krismasi.

## Safu ya mwisho

Nimechagua. Ni chuo cha umma, si mbali na ninapoishi, na sitakitaja, kwa sababu sitaki mtu akichague kwa sababu mimi nimekichagua. Hakina jina kubwa kuliko vyote nilivyovitazama. Kwa kuwa nitasoma nusu muda, nitachelewa kumaliza kuliko wale wa mtandaoni waliokuwa wananiahidi kasi, na kuna siku za lazima za maabara ambazo zitanilazimu kuomba kubadilishiwa shifti.

Lakini nilipompigia mratibu wa kliniki nikamuuliza swali langu, hakuninyamazia. Alinitajia vituo. Aliniambia ni mwaka gani ningekuwa na watu wazima, mwaka gani akina mama, na mwaka gani watoto. Alisema mkufunzi akiugua au akiacha kazi katikati ya muhula, wao ndio wanaotafuta mwingine. Nikamuuliza kama huwa anakwenda kuwaona wanafunzi wakiwa na wagonjwa. Akasema ndiyo, kisha akanieleza alivyokwenda wiki ile ile, na barabara ilivyokuwa na theluji.

Nikamuuliza pia jambo lililokuwa linaniogopesha: watoto. Wakufunzi wa watoto ndio adimu kuliko wote. Alikiri kwamba nao wanasumbuka, na kwamba kuna wanafunzi wanaoendesha gari zaidi ya saa moja kufika. Jibu hilo lilinipa imani kuliko ahadi zote nilizopewa na wengine.

Yale ya DNP nimeyaweka kando. Kumekuwa na shinikizo kubwa kwamba NP wote waingie kazini na shahada hii ya uzamivu ya uuguzi. Vyama vya vyuo vilikuwa vimelenga 2015, kisha 2025 ikatajwa, na miaka yote miwili imepita huku uzamili ukiendelea kukubalika kwa mtihani wa cheti. Nikihitaji nitarudi. Sitakopa leo kwa ajili ya hitaji ambalo halijafika.

## Kwa mliotangulia

Sasa nizungumze na NP wa kwetu, maana mpo wengi: Lowell, Worcester, Nashua, Minneapolis, Dallas, Atlanta, Seattle.

Najua mna wagonjwa wengi na dakika chache. Najua mwanafunzi anakuchelewesha, na waajiri wengi hawapunguzi orodha ya siku kwa sababu yake. Majimbo machache kama Georgia, Maryland na Hawaii yanawapa wakufunzi nafuu ya kodi. Hapa kwetu sijaona hivyo. Lakini saa za kumfundisha mwanafunzi zinahesabika mnapohuisha cheti, kwa ANCC na kwa bodi ya AANP vilevile, mashirika mawili yanayotoa cheti hicho. Na mwajiri wako akikataa kwa sababu hakuna mkataba na shule, mwambie mwanafunzi akuletee mratibu wake. Ni kazi ya mratibu kuandaa mkataba huo.

Chukueni mmoja kwa mwaka. Msimtoze. Mkipata anayetoka kwetu ni vizuri, na mkipata mwingine pia mchukueni, kwa sababu wengi wenu mlifundishwa na watu ambao hawakuwa wa kwetu.

Mimi bado nina kazi ya kufanya. Barua mbili za mapendekezo zimeshaandikwa, ya tatu naingoja kwa msimamizi wangu wa zamani. Rekodi zangu za masomo kutoka Kenya lazima zipitie tathmini ya nje, na aliyewahi kufuatilia jambo hilo anajua inabidi uwe na ndugu Nairobi mwenye subira. Binamu yangu wa South B amekubali kwenda Jumatatu.